Kwa Mafundi wa Viyoyozi Wanaoulizia Texas

Mdogo wangu, umeniuliza, kwa niaba yako na ya mafundi wenzako wa Kariakoo, iwapo fundi wa viyoyozi akifika Houston anaweza kufungua kampuni yake mara moja. Hawezi, na afadhali ulisikie hilo kwangu kabla hujauza vifaa vyako kutafuta nauli.

Huku Texas kazi hii inasimamiwa na Idara ya Leseni na Udhibiti ya jimbo. Kwa njia ya kawaida, anayetaka kupokea kazi kwa jina lake lazima awe amefanya kazi miezi 48, ndani ya miezi 72 iliyotangulia, chini ya usimamizi wa mkandarasi mwenye leseni, kisha afaulu mtihani na akate bima. Leseni ya daraja B inaishia kwenye mitambo ya kupooza ya tani 25 (tani hapa ni kipimo cha nguvu ya kupooza, si uzito), na tani moja ni ile BTU 12,000 unayoifunga vyumbani huko Dar kila siku; daraja A halina kikomo. Cheti chako cha ufundi cha VETA kitakusaidia kupata ajira, lakini usikitegemee kuchukua nafasi ya miezi hiyo.

Kwa hiyo utaanza kwa kusajiliwa kama fundi chini ya mkandarasi. Sheria ya shirikisho nayo inadai cheti cha kushughulikia gesi ya kupoozea, na ile desturi yetu ya kulegeza nati ili gesi iishie hewani ni kosa katika Marekani nzima. Huku hunyonywa kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi.

Jambo linalotuumbua sisi watu wa pwani ni upande wa joto. Leseni ni moja kwa kupooza na kupasha joto, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa tanuri la gesi, ambalo sehemu yake ya ndani ikipasuka inaweza kuingiza vyumbani kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Nilipoielewa hatari hiyo, niliacha kunung'unikia miezi 48, ingawa bado naona ni mingi kwa fundi aliyekomaa.

Utakutana na watu, wakiwemo wa kwetu, watakaokushauri ukodi leseni ya mtu. Usithubutu. Sheria inataka kila ofisi ya kudumu ya kampuni iwe na mwenye leseni aliyeajiriwa hapo muda wote, na akikupa jina lake tu bila kusimamia kazi, nyote wawili mnajiweka kwenye hatari ya faini, naye anaweza kunyang'anywa leseni.

Majimbo mengine, kama Pennsylvania, hayana leseni ya jimbo zima, na miji ndiyo hujiwekea masharti. Ukichagua Texas, tafuta mwajiri ambaye magari yake yameandikwa namba ya leseni pande zote mbili, uihakiki kwenye tovuti ya idara, na umuulize mapema kama atakubali kuthibitisha kwa maandishi miezi utakayomfanyia kazi.