Farasi wangu kijana anasimama wima watoto wakimpanda: nimbadilishie lijamu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina farasi dume aliyehasiwa, umri wake miaka mitatu na nusu, nilimnunua mwaka jana. Saisi, yaani mtunza farasi wangu, akimpanda anatulia kabisa. Lakini Jumamosi watoto wanapokuja kujifunza, anageukia getini, na wakimlazimisha kurudi uwanjani anarusha mateke au anasimama kwa miguu ya nyuma. Fundi mmoja anasema ana kiburi: nimwekee lijamu (chuma cha mdomoni) kali, ile yenye vyuma virefu pembeni, nimpunguzie chakula, na kabla ya somo akimbizwe mpaka achoke. Anakula mabingobingo, lusina (majani ya ule mti wa malisho) na pumba za mahindi. Nifanyeje? (Mama mfugaji, Usa River)

JIBU: Mama, lijamu hiyo usinunue. Kama umeshanunua, itundike stoo na ikae huko.

Naitwa kwa shida hii kila mara, huku kwenu Meru na hata upande wa Moshi, na nikifika nakuta farasi ameshahukumiwa. Ana kiburi, basi avunjwe. Hakuna aliyemfungua mdomo kuangalia ndani.

Lijamu si breki ya bodaboda. Inakaa kwenye lile pengo lisilo na meno, kati ya meno ya mbele na magego, ambapo ufizi ni mwembamba sana na chini yake ni mfupa. Ile ya vyuma virefu ni wenzo: mkono ukivuta kidogo, mdomoni maumivu yanafika yameongezeka mara kadhaa. Farasi akiumia hakai kutafakari kosa lake. Anakimbia, ndivyo alivyoumbwa, na asipopata pa kukimbilia anapigana.

Sasa mpandishe mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kuogopa. Mtu mwenye hofu juu ya farasi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja bila kujua: anavuta hatamu, na anabana visigino. Visigino vinasema nenda, mdomo unasema simama. Mbele kumefungwa, nyuma anasukumwa, njia iliyobaki ni juu. Kwa saisi hafanyi hivyo kwa sababu mikono ya saisi imetulia, si kwa sababu eti anamheshimu au anamwogopa. Na akisimama wima, mtoto akining'inia kwenye hatamu anaweza kumvuta mpaka aanguke chali, na mtoto akawa chini yake. Wafundishe leo hii, kabla ya jambo lingine lolote: farasi akiinuka, legeza hatamu, inama mbele, shika manyoya ya shingo.

Suala la geti mmemfundisha wenyewe. Farasi hujifunza pale unapomwachia. Akifika getini, mtoto analia, saisi anakuja, mtoto anashushwa, tandiko linafunguliwa. Kwa farasi hiyo ni zawadi, na wiki ijayo ataifuata mapema zaidi. Kuanzia sasa mtu asishuke getini kamwe. Ashukie kona ya mbali kabisa, tandiko lifunguliwe hukohuko, ndipo arudishwe kwa kuongozwa kwa miguu. Fanyeni hivyo hata siku ambayo amefanya vizuri.

Lakini kabla ya mafunzo, mwili. Katika umri huo yuko katikati ya kubadilisha meno. Meno ya utoto 24 hutoka na ya kudumu kuingia, kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu hivi. Wengi huwa pia na kijino kidogo mbele ya magego ya juu, hakina kazi, lakini kinakaa jirani kabisa na lijamu. Daktari wa mifugo aingize tochi humo na aking'oe ikibidi. Kisha pitisha kiganja chako chini ya tandiko farasi akiwa amefungwa mkanda: ukikuta mahali mkono unabanwa na karibu yake mahali penye nafasi tupu, tandiko hilo linamchoma mgongo. Usishangae likiwa lilimkaa vizuri mwaka jana. Farasi wa umri huo hubadilika umbo kila msimu, na mifupa ya uti wa mgongo haimalizi kukua mpaka miaka mitano au zaidi.

Chakula chako nacho kinanitia wasiwasi, nashukuru umekitaja. Lusina ni nzuri kwa ng'ombe. Farasi hana tumbo la ng'ombe, na sumu iliyomo humdondosha manyoya ya shingo na mkia na kuharibu kwato. Iache. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mabingobingo yana kitu kinachoifunga hata hiyo kalsiamu kidogo isifyonzwe. Mwili ukikosa kalsiamu unaichukua kwenye mifupa yake wenyewe. Dalili za mwanzo ni kuchechemea leo mguu huu, kesho ule, kugoma kwenda mbele, na kuchukia kupandwa. Uso kuvimba huja baadaye. Unaona inavyofanana na "kiburi"? Mpe nyasi kavu nzuri, punguza pumba sana, na tupange na daktari wako namna ya kumpa chokaa ya mifugo. Kumpunguzia chakula farasi anayekua ili awe mpole ni kumdhoofisha tu. Siku akishiba vizuri mtamkuta yuleyule, tena sasa hawaamini watu.

Hayo yakishatengenezwa, mrudisheni darasani bila mtoto. Mwanzoni afanye kazi ya chini: kuongozwa, kusimama, kurudi nyuma, kuzungushwa kwa kamba ndefu dakika chache kila upande. Kisha apandwe na mtu mzima mwepesi mwenye mikono tulivu, dakika ishirini, siku tatu au nne kwa wiki, mkiacha pale anapofanya vizuri. Watoto watafutie farasi mzee aliyeshazoea kelele, hata wa kukodi. Ninyi wenye mashamba madogo mnapenda kuwaanzisha wote wawili pamoja ili kuokoa fedha. Farasi ambaye hajui na mtoto ambaye hajui, nani amsahihishe mwenzake? Huyu wako asipandwe na anayejifunza kwa mwaka mzima ujao, pengine na zaidi.

Kuhusu fundi wako. Wengi wa mafundi hawa walianza kazi kwa punda, na punda wanawajua kweli, siwavunjii heshima. Ila punda akiogopa huganda, anasimama kama amepigiliwa misumari, na fimbo kidogo huonekana kama imefanya kazi. Farasi akiogopa huondoka. Na kumkimbiza mpaka achoke kabla ya somo kunamjenga pumzi, kwa hiyo kila wiki utahitaji mbio ndefu zaidi, na siku ya Jumamosi mtoto anapanda mnyama aliyechoka, anayejikwaa.

Kuna wabaya zaidi ya huyo. Wapo wanaompiga farasi sindano ya kutuliza saa moja kabla ya mteja kuja kumjaribu, au kabla ya somo. Farasi anasimama kichwa chini, midomo imelegea, mnunuzi anafurahia upole. Dawa haimwondolei uwezo wa kushtuka; akishtuka anaruka bila kujua miguu yake iko wapi. Mojawapo ya dawa hizo ikipigwa kwa dume asiyehasiwa inaweza kumwachia uume uliolegea usiorudi ndani, na hapo ni kazi ya upasuaji. Ukienda kununua, fika bila taarifa, umkute zizini mwenyewe, umwone akikamatwa, akitandikwa na akipandwa na mtu wao kwanza. Wakikuambia subiri kidogo tumwandae, wewe simama papo hapo uangalie anavyoandaliwa.