Kwa Wewe Unayehesabu Mizani kwa Vidole

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeuza vipuri vya magari eneo la Gerezani, Dar es Salaam, aliniandikia. Anajifunza kutunga mashairi ya vina na mizani, yaani yenye sauti za mwisho zinazolingana na silabi zilizohesabiwa. Hushika kalamu akishafunga duka, na ubeti mmoja unaweza kumkalia wiki nzima. Wenzake wanamcheka, wanamwonyesha programu za simu zinazotoa shairi zima kabla hujamaliza glasi ya maji. "Dada," akauliza, "si najichosha tu? Niache?"

Nilimjibu siku hiyohiyo, lakini jibu la kwenye simu lilikuwa fupi mno kwa jambo ninalolijua kwa uchungu. Naliandika hapa kwa ajili yake, na kwa kila mmoja wenu anayeficha daftari lake.

Mimi nilianza nikiwa mtu mzima, karani wa ofisi moja Posta, nina watoto. Mwalimu wangu ni mzee wa Magomeni Mapipa, mstaafu wa reli, ambaye hujamaliza kumpa shikamoo ameshakuuliza umetunga nini. Alinikabidhi nakala yake iliyochakaa ya kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954. Wengi mnalijua jina hilo kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Mjue pia kwamba ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, na baadaye akawa waziri. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa hapahapa Dar mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji wake, watu wenye kazi zao za mchana. Kwa hiyo anayekwambia ushairi ni wa wasio na shughuli, mwache aseme.

Sheria zenyewe mnazijua: ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho vilingane. Kuzijua ni dakika tano. Kuzitii ndiyo shughuli.

Mshororo wangu wa kwanza ulikuwa huu: "Nimetoka Kimara, asubuhi na mapema." Mzee akagonga meza kwa kidole, silabi moja baada ya nyingine. Ukwapi una mizani 7. Nikaongeza neno: "Mimi nimetoka Kimara." Zikawa 9. Nikaondoka pale nimenuna. Siku kadhaa baadaye, nimesimama ndani ya basi la mwendokasi nimeshika bomba, watu wamebanana, ikaja yenyewe: "Nimetokea Kimara." Nane! Nilishuka kituoni nikampigia simu hapohapo. Akahesabu, akanyamaza kidogo, akasema, "Mizani imetimia, mwanangu. Sasa niambie, huko Kimara kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo limenifundisha kuliko kitabu.

Halafu kuna hili ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nilipopata beti za kutosha nilizituma kwa mhariri wa ukurasa wa mashairi wa gazeti moja. Hakunijibu mimi. Alizibandika kwenye kundi la washairi na kuandika: "Haya ni maguni. Dada arudi jikoni." Guni ni shairi lililovunja sheria za vina na mizani. Watu niliowaheshimu wakacheka. Iliniuma, na sitasema imepoa, kwa sababu haijapoa. Daftari likakaa kabatini muda mrefu.

Lililonirudisha ni deni. Mama mdogo wangu ndiye aliyenilea, kwa vitumbua alivyokaanga alfajiri pale nje Kimara, na sikuwahi kupata maneno ya kumshukuru. Kila nililoanza nalo lilikuwa lilelile la kadi za harusini: asante kwa malezi, Mungu akubariki. Wala halikukaa kwenye mizani. Nikalazimika kulitupa na kutafuta jingine, na katika kutafuta nikaanza kukumbuka. Mwisho nikapata ubeti unaoanza hivi:

Mkono ulokaanga, vitumbua vya jirani,
Ndio ulionifunga, kamba za kiatu chini.

Lile "chini" ni la kujazia, nalijua, na neno bora halijaja mpaka leo. Niliusoma ubeti hivyohivyo mwezi uliopita, familia imekusanyika. Nilipofika pale kwenye kamba, mama mdogo akanikatiza: "Mafundo mawili! Nilikuwa nakufunga mafundo mawili, maana ulikuwa hutulii na viatu." Mimi hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Akaendelea kusimulia, tukakaa hadi usiku, na mambo aliyoyasema watoto wangu hawajawahi kuyasikia. Najivunia ubeti ule. Nausema wazi: najivunia, na neno lake la kujazia ndani.

Sasa wenzangu, nisikilizeni. Neno la kwanza linalokujia kichwani ni la kila mtu. Mizani inalikataa, na wewe unaudhika, lakini ukikubali kulitupa utafika mahali ambapo ni wewe tu uliyekuwapo. Anayepata shairi zima kwa sekunde hakufika huko, kwa sababu hakukataliwa chochote. Tunga kila siku, hata mshororo mmoja. Usome kwa sauti. Hesabu tena. Tafuta mzee wa kukusahihisha, na uvumilie anapokuuliza maswali yasiyo na jibu. Anayekucheka leo usimwonyeshe daftari, mwonyeshe anayekupenda. Na usikimbilie gazetini. Tunga kila siku, narudia, kwa sababu wengi tunaacha wiki ileile ambayo neno lilikuwa karibu kuja.

Na wewe kijana wangu wa Gerezani, nimeupitia ubeti wako. Mshororo wa tatu unasema: "Nalifunga duka langu, mikono inanuka oili." Ukwapi uko sawa. Utao umefika mizani 10, kwa hiyo zipunguze mbili. Ila hiyo oili usiiguse, punguza kwingine. Ukipata, nitumie kabla ya Jumapili, maana nitakuwa Magomeni na nataka mzee auone.