Mshushe Bibarel kabla hujachukua zawadi ya tano

Umeuliza, kuhusu mchezo wa kadi wa Pokémon, kama ni sahihi kwa deki yako ya Charizard ex kubaki na kadi 9 mkononi, Bibarel akiwa miongoni mwao, wakati umebakiza zawadi 2 (kila mchezaji huanza na zawadi 6, huchukua moja kwa kila Pokémon anayemwangusha, mbili akiwa ni ex, na anayezimaliza kwanza hushinda). Hilo limenishtua, kwa sababu ndilo lililoninyima ushindi niliokuwa nimeushika kabisa. Mshushe Bibarel. Mshushe hata kama zamu hiyo hatakupa kadi hata moja.

Ulikuwa mchezo wa tatu, ule wa kuamua raundi. Mpinzani alikuwa amemwangusha Pidgeot ex wangu mapema, kwa hiyo alibakiza zawadi 4 nami nilibakiza 2. Mezani nilikuwa na Charizard ex mwenye nishati, na kwenye benchi Charmander (hukua hadi Charizard ex) na Bidoof (hukua kuwa Bibarel). Sapota ya zamu hiyo (kadi ya msaada, huchezwa moja tu kwa zamu) nilikuwa nimekwisha kuitumia, nayo ilinijaza mkono: kadi 9, zikiwamo Bibarel, Charizard ex wa pili, Rare Candy (humkuza Charmander moja kwa moja hadi Charizard ex) na Boss's Orders (sapota ya kumvuta mbele Pokémon wa benchi la mpinzani). Uwezo wa Bibarel ni kuvuta kadi mpaka mkono ufike 5. Kwa mtu mwenye 9 hauongezi kitu, nikaona heri nimtunze hadi zamu inayofuata. Nikamwangusha Pokémon wa zawadi moja aliyekuwa mbele, nikabakiza zawadi 1, nikaketi nikiutazama mkono wangu kwa utulivu mkubwa.

Mpinzani akacheza Iono. Kadi hiyo humlazimisha kila mchezaji kuuchanga mkono wake, kuuweka chini ya deki, kisha kuvuta kadi kwa idadi ya zawadi alizobakiza. Yeye alivuta 4; mimi nilivuta 1. Kadi zangu zote nane za maana na moja isiyo na maana zikaenda chini, halafu katika zamu ile ile akamwangusha Charizard ex wangu, akabakiza zawadi 2.

Zamu yangu ilipoanza nilivuta kadi ya kawaida, nikawa na mbili: Ultra Ball na nishati. Ultra Ball hudai utupe kadi nyingine 2 kabla ya kutafuta Pokémon, nami nilikuwa na moja tu ya kutupa. Hapo nikafanya kosa juu ya kosa, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kwa kuhangaika nikambandikia Charmander nishati ile, ingawa hangeweza kumwangusha yeyote, ili mradi nionekane nimefanya jambo. Charmander akaangushwa. Zamu iliyofuata nilivuta kadi moja, nikawa tena na mbili, na Ultra Ball ikabaki imekwama. Laiti ningeishikilia ile nishati, ningekuwa na kadi tatu: ningetupa mbili, ningemtafuta Bibarel (kadi iliyo chini ya deki bado hupatikana kwa kutafuta), ningemkuza Bidoof, na ningevuta kadi 5 kwa mkupuo. Badala yake Bidoof akaangushwa naye, zawadi ya mwisho ya mpinzani ikaondoka, na zawadi yangu moja ikabaki imelala mezani.

Lakini hata kosa hilo la pili lisingekuwapo kama Bibarel angekuwa kwenye benchi tangu mwanzo. Iono hagusi kilichoshuka mezani. Ningebandika nishati, ningebaki na kadi moja, Bibarel angenivutia 4, na mpinzani angelazimika kumvuta na kumwangusha Bibarel mwenyewe badala ya Charizard ex.

Nami sikulibuni kosa hili. Nilifundishwa, tena kwa msisitizo, na mchezaji wa miaka mingi ambaye wachezaji wapya wote walimsikiliza. Alisema: usishushe kadi ambayo haikupi kitu zamu hii, kwa kuwa mkono mkubwa ni akiba. Nilipomsimulia yaliyonipata alinijibu kwamba nilikosa bahati. Haikuwa bahati! Deki yenye kadi 60 haiahidi kwamba kadi mbili zitakuwa zile unazozihitaji, na mtu anayefundisha wengine anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa. Mkono ni akiba dhidi ya mtu asiye na kadi ya kuvuruga, na katika mashindano hutaketi mbele ya mtu wa namna hiyo. Kadi iitwayo N ilikuwa ikifanya jambo hili hili tangu 2011, Iono ikafuata 2023, na Unfair Stamp ya 2024 ni kali kuliko zote mbili, maana inakuachia kadi 2 hata ukiwa na zawadi nyingi. Kwa kuwa hiyo si sapota, mpinzani anaweza kuicheza na bado akatumia Boss's Orders zamu hiyo hiyo. Naye huruhusiwa kuicheza pale tu unapokuwa umemwangushia Pokémon katika zamu yako iliyopita, yaani wakati ule ule unaojiona umeshinda.

Kwa hiyo usihesabu kadi ulizonazo. Hesabu zitakazobaki baada ya kuvurugwa. Kilicho kizuri kishuke mezani, na kisicho na kazi ndicho kibaki mkononi kikingoja Iono, kwa sababu Iono itakipeleka chini na kukuachia juu deki iliyo bora zaidi. N, Judge (kadi nyingine ya kuvuruga) na Unfair Stamp hazifanyi hivyo: huuchanga mkono ndani ya deki, kwa hiyo ukizitarajia hizo, takataka zitupwe mapema kwa Ultra Ball. Na ukishachezewa Iono, kumbuka kilichokwenda chini kabla hujacheza Nest Ball (kadi ya kutafuta Pokémon kwenye deki). Kutafuta huchanga deki nzima. Kama chini kuna hazina, changa, na kama kuna takataka, iache ilale.

Bidoof hakuzwi katika zamu aliyoshushwa, hivyo mweke mezani ukiwa bado na zawadi 4 au 3. Kisha kabla ya kushambulia kwa ajili ya zawadi ya tano, jiulize pia kama huwezi kungoja Pokémon wa zawadi mbili ili utoke 2 hadi 0 bila kupita kwenye 1.

Jaribu hivi ukiwa peke yako: panga meza yako kama itakavyokuwa ukibakiza zawadi 1, mwondoe mshambuliaji wako mkuu, weka mkono wote chini ya deki, vuta kadi 2, na uone kama unaweza kushambulia. Rudia mara 20 Bibarel akiwa mkononi, na mara 20 akiwa kwenye benchi.