Namna ya Kumsoma Mwanamke Aliyechorwa Akidarizi

Anayetaka kujifunza kusoma mchoro wa mwanamke akiwa katika shughuli zake za nyumbani ningemshauri aanze na ule ambao mchoraji Mfaransa Georges Seurat alimchora mama yake akidarizi, kati ya mwaka 1882 na 1883, ambao sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Picha yake inapatikana katika tovuti ya makumbusho hayo, nami hupenda kuikuza mpaka chembechembe za karatasi zionekane, kabla sijajiuliza lolote kuhusu mama mwenyewe.

Ukiutazama kwa karibu namna hiyo, hutaona mstari uliozungushwa usoni wala mabegani. Seurat alitumia kijiti cheusi cha Conté, chenye jina la Nicolas-Jacques Conté, yule yule aliyebuni penseli ya kisasa mwaka 1795, akakipitisha juu ya karatasi yenye matuta madogo, weusi ukashika vilele na mabonde yakabaki meupe. Alipokandamiza, giza lilijaa. Alipogusa kwa wepesi, karatasi yenyewe ikawa mwanga. Chukua penseli laini na karatasi yenye mparuzo ujaribu, maana mkono wako utakueleza jambo hili vizuri kuliko mimi.

Wengi ninaowaonyesha mchoro huu husema mama ana huzuni, na ukiwauliza sababu hutaja giza. Sikubaliani nao. Giza hilo hilo Seurat alilitumia alipomchora rafiki yake, Aman-Jean, katika miaka hiyo hiyo. Ni mtindo wa mchoraji, na halitoshi kuwa ushahidi wa moyo wa mama. Mkao wake una uzito zaidi: kichwa kimeinama, macho yako kwenye kazi, hamwangalii mwanawe wala sisi. Mtu anayejua anachorwa kwa kawaida hujiweka sawa, ilhali huyu anaonekana amekwisha kuzoea kuwa na mchoraji chumbani, na kwangu ukaribu wao uko hapo.

Usisahau vipimo, maana ukubwa nao hugusa ukaribu tunaouhisi. Mchoro wa Aman-Jean, uliooneshwa mwaka 1883 katika Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, una takriban sentimita 62 kwa 47. Wa mama ni 31 kwa 24, ukubwa unaozidi kidogo tu karatasi ya A4.

Habari za familia ziache mwisho. Ni kweli kwamba baba yake Seurat alikaa zaidi Le Raincy, mji ulio nje kidogo ya Paris, mbali na mkewe, lakini habari hiyo ikitangulia, utaona upweke katika kila kivuli, hata pale penye mtu aliyezama tu katika uzi wake. Kwa hiyo unapoandika maoni yako, kila neno la hisia lionyeshee sehemu ya mchoro lilikotoka, na lisilo na mahali pa kuonyeshwa ulifute.