Digrii ya kemia italipa kweli?

SWALI: Dada, mdogo wangu kamaliza fomu siksi PCB (fizikia, kemia na baiolojia), anataka digrii ya kemia miaka 3. Baba anasema hasara. Hela zitarudi?

JIBU: Mdogo wangu, msiangalie ada tu, pigeni hesabu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kama atauchukua, maana akiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, yaani kwenye laki 8 inaondoka laki na 20 hata kodi ya chumba hajalipa. Kemia tupu ajira chache jamani, mi ningemshauri achukue kemia ya ualimu, mlango wa shule unabaki wazi na wa maabara pia anaweza kuujaribu. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo akiwa chuo, aombe maabara ya mgodi kule Geita au kiwanda cha saruji, apime sampuli kwa mkono wake, asikubali kupangishwa mafaili.