Bana pua, sema "school"

Khon Kaen, Thailand, Mei

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili ulinikuta napiga pasi sketi ya kazini. Ulisema wakala uliyezungumza naye kwa simu alikuuliza pasipoti yako ni ya nchi gani, ukamjibu Kenya, naye akakwambia shule za huku zinataka "wenye lugha", yaani waliozaliwa na Kiingereza. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kweli nina haki ya kufundisha Kiingereza huko, na si lugha yangu?" Sikukujibu usiku ule. Swali kama hilo halijibiwi kwa kidole gumba cha simu.

Jibu langu ni ndiyo, unayo. Sasa nikueleze nimelitoa wapi.

Mwaka wa shule hapa Thailand huanza katikati ya Mei, joto la Aprili likianza kuvunjwa na mvua. Saa mbili kamili asubuhi bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa, shule nzima imepanga mistari uwanjani. Kisha viatu vinavuliwa mlangoni. Mwaka huu nimepewa Mathayom 1, kidato chao cha kwanza, watoto 43 katika chumba kimoja. Wanasimama, wanaunganisha viganja kifuani, wanainamisha vichwa, wananisalimu kwa sauti moja. Wana majina rasmi marefu, lakini wanaitana Bank, Golf, Benz. Siku ya kwanza walitazama misuko yangu kuliko ubao. Hilo halikunisumbua, huisha ndani ya wiki.

Siku ya pili tulisoma neno "school". Msichana mmoja wa dawati la mbele akasema "sakun". Karibu wote husema hivyo, kwa sababu Kithai hakimalizi neno kwa "l". Ikifika mwishoni inageuka "n". Ningeweza kulirudia neno kwa sauti kubwa zaidi, lakini kosa la mtoto halitokani na kutosikia. Nikabana pua yangu kwa vidole viwili, nikamwashiria naye abane. Ukibana pua "n" haitoki, kwa kuwa pumzi yake hupitia puani, lakini "l" hupita kando ya ulimi. Akajaribu, sauti ikakwama, uso ukamwiva. Akajaribu tena. Ncha ya ulimi ikabaki juu, nyuma ya meno, na "l" ikatoka, ndefu na safi. Aliachia pua akalisema tena polepole, peke yake, bila kuniangalia. Punde darasa zima likawa limebana pua.

Mimi nililijua lile kwa sababu nami ulimi wangu ulifundishwa. Nilipokuwa mdogo kule Wundanyi sikuweza kuacha neno la Kiingereza bila irabu mwishoni: "buku", "desiki". Sisi huongeza, wao hukata. Na mwalimu wetu alikuwa na kibao tulichokiita diski. Ukisikika unasema Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, unavishwa shingoni, na atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Nilikivaa mara nyingi. Ndiyo maana darasani kwangu mtoto akimnong'oneza mwenzake kwa Kiisan simkemei. Watoto wa huku husema Kiisan nyumbani, kilicho karibu sana na Kilao, shuleni wanakuta Kithai, ndipo kinakuja Kiingereza. Nilipolielewa hilo nilijiona mwenyewe: Kidawida kwa bibi yako, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani. Aliyezaliwa na Kiingereza anaweza kuwa mwalimu mzuri, nimefanya kazi na wazuri. Lakini mtoto anapouliza kwa nini "she" inadai "s" kwenye kitenzi, mimi nakumbuka siku niliyouliza swali hilo hilo.

Upweke upo, mwanangu. Mwaka wa kwanza kulikuwa na usiku nisioupenda kuukumbuka. Kilichonituliza usiku mmoja ni mama muuza som tam, saladi ya papai bichi, aliyenifundisha kutaja saa. Saa moja usiku kwao ni nueng thum, yaani moja. Saa mbili ni song thum, mbili. Wanahesabu kama sisi! Nilirudi chumbani nikiwaza kwamba kumbe sijafika mbali sana.

Na sitakuficha hili. Shule yangu ya kwanza huku ilinilipa pungufu ya mwenzangu kutoka Uingereza ambaye hakusomea ualimu, tukiwa na vipindi sawa. Nilipouliza nikaambiwa ni pasipoti. Iliniuma, na bado inaniuma. Utakutana na hayo, kwa hiyo njoo na karatasi zisizo na dosari: shahada yako, matokeo ya TOEIC, mtihani wa Kiingereza, wakiyataka, viza ya Non-B, ile ya kuingilia kazini, na kibali cha kazi. Shule itakuombea pia kibali cha muda cha kufundisha, cha miaka 2, kutoka Khurusapha, baraza la walimu. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji. Wakala akikwambia uje kwa viza ya utalii, makaratasi yatafuata, kata simu. Atakayekamatwa ni wewe.

Juni, Alhamisi moja, kutakuwa na wai khru, siku ya kuwaheshimu walimu. Watoto hupiga magoti na kuleta maua waliyoyapanga wenyewe: ixora yenye ncha kali, ili akili iwe kali, ua la biringani linaloinama, kwa unyenyekevu, bisi za mpunga, kwa nidhamu, na ukoka, ili elimu itambae. Ukoka huu huu tunaoulalamikia shambani. Mwaka jana mvulana aliyekuwa hasemi neno darasani aliniwekea sinia mikononi, akabana pua, akanitajia "school". Sikuweza kumjibu.

Nitumie nakala za vyeti vyako kabla ya Ijumaa nizipitie. Mpigie wakala mwingine, na safari hii mwambie unasema lugha tatu na umesomea kuzifundisha. Bibi yako mpelekee ile dawa ya magoti.

Mama yako