Kabla ya Kununua Rilei: Ushauri kwa Anayetaka Kumjengea Paka Choo Kinachojisafisha

Vijana wengi wanaojifunza umeme mdogo hapa Tabora hunifuata wakiwa wameshanunua bodi ya Arduino (kompyuta ndogo unayoiandikia programu), rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na nyaya za kila rangi, ndipo wanakumbuka kuuliza paka atakaa wapi. Nami nilianza vivyo hivyo, na ndiyo maana kifaa changu cha kwanza kilinichukua miezi mitano. Ninachokusihi wewe unayeanza ni kuugeuza mpangilio huo: shughulika na paka kwanza, maji yafuate, na umeme uwe wa mwisho, kwa kuwa umeme ndio sehemu rahisi kuliko zote.

Paka kwa asili hufukia uchafu wake, kwa hiyo unapomwomba ajisaidie juu ya tundu lenye maji unamwomba aache jambo alilozaliwa nalo. Hapa sisi tuna nafuu moja: choo cha kuchuchumaa kinamfaa paka kuliko cha kukaa, kwani yeye mwenyewe huchuchumaa, na halazimiki kujishikilia kwenye ukingo mwembamba unaoteleza. Chukua beseni la plastiki, litie maranda kutoka kwa seremala, liweke kando ya sinki la choo kwa wiki moja, kisha lihamishie juu ya tundu. Akizoea, toboa beseni katikati, na kila baada ya siku nne au tano panua tundu hilo kidogo huku ukipunguza maranda, hadi beseni libaki ukingo tu. Siku akigoma, rudi hatua moja nyuma bila kumgombeza. Usitumie mchanga wala udongo katika hatua hii, kwa sababu utatuama kwenye kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu, nawe utaishia kuvunja sakafu. Mama yangu, aliponiona nimepiga magoti na kipimio mbele ya beseni, aliuliza kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, kazi ya paka ni panya. Wewe unamjengea choo, yeye anakujengea nini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Paka akishazoea, usikimbilie mota. Kwa wiki nzima msukumie maji kwa mkono wako kila atokapo, huku ukiandika daftarini saa aliyoingia, muda aliokaa na alichofanya baada ya kutoka. Daftari langu lilinionyesha mambo mawili ambayo nisingeyabuni mezani: paka wangu huingia mara nne au tano kwa siku, na mara nyingi, baada ya kutoka, hurudi ndani ya dakika moja kunusa. Kifaa changu cha kwanza, nilichokitengeneza kabla ya kupata hekima ya daftari, kilisubiri sekunde 20 tu. Maji yaliporuka, paka alikuwa ameinamisha pua juu ya tundu. Aliruka hadi kwenye koleo la mkaa lililoegeshwa ukutani, likaanguka kwa kishindo, na kwa siku kumi na mbili zilizofuata alijisaidia kwenye kapu la nguo za shemeji yangu. Sasa kifaa husubiri dakika tatu kamili, na kila anapoonekana tena, hesabu huanza upya.

Tukija kwenye maji, hapa ndipo wengi hupotea. Kosa langu lilikuwa kuunganisha valvu ya umeme, yaani koki inayofunguliwa kwa umeme, ya nusu inchi, moja kwa moja na simtanki la lita 1,000 lililo juu ya mnara. Valvu nyingi za bei nafuu za aina hiyo hutegemea msukumo wa maji yenyewe ili zifunguke na kufunga barabara, na nyingi huhitaji msukumo unaolingana na maji yaliyosimama kimo cha mita mbili au zaidi. Chini ya hapo hutiririsha kivivu, na punje moja ya mchanga ikikwama kwenye kitundu chake kidogo, hazifungi. Yangu haikufunga usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba, wakati kila ndoo ina thamani yake, na asubuhi tulikuta simtanki tupu. Tangu hapo nafuata kanuni moja: kifaa kisipewe uwezo wa kupoteza maji zaidi ya yale niliyo tayari kuyapoteza. Choo cha paka wangu hakina uhusiano wowote na bomba la nyumba. Hulishwa na ndoo ya lita 20 iliyowekwa juu ya kigoda, ambayo hupitisha maji kwa mpira mwembamba kuingia kwenye tangi la choo lenye boya la kawaida.

Kwa nini tangi la choo, na si ndoo yenyewe kumwaga moja kwa moja? Kwa sababu uchafu hauondolewi na wingi wa maji bali na kasi ya kushuka kwake. Lita kumi zinazochuruzika kupitia bomba la nusu inchi zitauzunguka uchafu na kuuacha pale pale, ilhali lita tatu zikishuka kwa mkupuo huusukuma wote kupita kona. Tangi langu ni la lita sita. Nilizamisha ndani yake chupa mbili za lita moja na nusu zilizojazwa maji na kufungwa vizuri, likabaki na lita tatu. Kwa hesabu hiyo ndoo moja hutosha mara sita, yaani siku nzima na akiba ya mara moja.

Maji hayo yaishie kwenye shimo lililofunikwa, kamwe si kwenye mtaro wa wazi. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya Toxoplasma, ambavyo ni hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, na klorini ya kawaida haiviui. Ndugu zetu wa Kigoma ambao mitaro yao huteremka hadi Ziwa Tanganyika wana sababu ya ziada ya kulizingatia hili.

Umeme hautanichukua muda mrefu. Mpira unaoziba tangi huvutwa kwa uzi na mota ya sentaloki ya mlango wa gari, inayopatikana kwenye maduka ya vipuri na kutumia volti 12 kutoka kwenye betri ya pikipiki. Weka dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili ya rilei, yaani waya wake uliozungushwa, na uilishe bodi kwa njia yake yenyewe, la sivyo kila mota inaposhtuka bodi itajizima na kuwaka upya. Kihisi kitakachomwona paka kiwe cha joto na mwendo. Nilitangulia kutumia kile cha mawimbi ya sauti, nikashangaa kwa nini paka husimama mlangoni masikio yakiwa nyuma. Kihisi hicho hupiga sauti ya kilohezi 40, ambayo sisi hatuisikii kwa kuwa masikio yetu huishia 20, lakini paka husikia hadi zaidi ya 60. Nilikuwa nimemfungia kengele chooni.

Kihisi cha joto nacho kina tabia yake: kikiwashwa huhitaji karibu dakika moja kutulia, na katika dakika hiyo huona paka wasiokuwepo. Usiku mmoja waya wa betri ulilegea, ukawa unagusa na kuachia, na kila ulipogusa kifaa kilisukuma maji. Asubuhi ndoo ilikuwa tupu. Iandikie programu ipuuze dakika mbili za mwanzo, na ihesabu kuwa paka ametumia choo pale tu anapokaa zaidi ya sekunde 15. Iwekee pia kihesabio cha safari, kwa maana choo kinachojisafisha hukuficha afya ya mnyama. Safari za paka wangu dume zilipofika kumi na moja kabla ya adhuhuri, nilizima kifaa, nikaweka beseni kavu, nikaona hatoi hata tone. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba, na kwa dume hilo ni jambo la kumwahi daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Tulimwahi.